Kiti cha Mchana, Kochi la Ndoto

Chumbani mwangu kuna mahali pawili pa mgeni kukaa, na yeyote aliyewahi kuja kwangu zaidi ya mara moja anaijua tofauti yake. Karibu na mlango kuna kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka. Hicho ni kiti cha mchana. Ukikaa pale unazungumza mambo ya kuonekana kwa macho: mume kasema nini, bosi kafanya nini, usingizi umepotelea wapi. Chini ya dirisha kuna kochi refu la kijani, limebonyea katikati, na hilo ni la ndoto. Ukijilaza hapo unasimulia ulichokiota, tena unakisimulia kama kinatokea sasa hivi, bila kusema uliota, bila "eti", bila kuomba radhi. Nimegundua kwamba mtu akishalitamka neno ndoto huanza kuicheka ndoto yake, na ndoto ikichekwa hujificha.

Utaratibu huo sikufundishwa chuoni. Nimeutoa kwa mama yangu, ninayeishi naye, ambaye hadi leo husimulia ndoto zake kabla hajainua kichwa kwenye mto, na ole wako umkatize kumuuliza kama ni kweli. Mimi ni mtaalamu wa saikolojia, vyeti vyangu vimening'inia ukutani, lakini chombo changu bora cha kazi ni hilo kochi. Mchana, jua likishapita utosini, mwanga hupenya kwenye pazia jepesi na kuchora mistari ukutani. Feni hulisukuma pazia, na mistari hutembea polepole kama watu waliotoka kula. Wageni wengine hupitiwa na usingizi hapo hapo. Siwaamshi. Nina watu waliopata nafuu kwa kulala tu, na sioni haya kulisema.

Halafu akaja Wifi.

Jina lake rasmi lilikuwa refu, na Mkurugenzi wa kliniki yetu alilitamka kwa adabu kama anamtambulisha mkwe. Kilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa kisahani cha sabuni, kilichofungwa kwa skrubu juu ya rafu yangu ya vitabu, chenye taa ndogo ya kijani. Ndani yake, au tuseme mahali fulani mbali ambapo hakuna aliyewahi kutuonyesha, kulikuwa na akili bandia inayosikiliza kila neno la mgeni, inaliandika, inalifupisha, na ikihisi hatari inatoa onyo. Mpokezi wetu, dada mmoja asiyeweza kuacha kitu kipite bila kukibandika jina, ndiye aliyekiita Wifi. Alisema kimekuja kukaa nyumbani kwetu bila kualikwa, kimetulia pembeni hakisemi, na kila tunalonong'ona kinalipeleka kwa wenye ukoo. Sikio halilali na njaa, akaongeza, na hili sasa linakula kwenye sahani zetu.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Alikileta kwa sababu tulikuwa tunaandika ripoti hadi vidole vinakufa ganzi, na kwa sababu kliniki moja jirani iliwahi kuyapuuza maneno ya mtu, na mtu huyo akaenda kumdhuru mwanawe. Wageni walipewa kibao cha kioo pale mapokezi, wakasaini kwa kidole. Nani husoma? Mimi nilisoma. Kulikuwa na mstari unaosema kwamba mazungumzo yote ni siri, isipokuwa pale mfumo utakapobaini hatari kwa mtoto, mzee au mtu mwingine, ambapo taarifa itakwenda moja kwa moja ofisi ya ustawi wa jamii. Nikamuuliza Mkurugenzi mfumo utabaini vipi. Akasema umefundishwa. Umefundishwa na nani? Na watu waliobobea, akasema. Nikamwacha, maana nilikuwa na mtu ananingoja.

Mtu huyo alikuwa Mwalimu. Nasema Mwalimu kwa kuwa ndivyo watoto walivyomwita na ndivyo nami nilivyomwita: alifundisha kuogelea kwenye bwawa la shule, alikuwa na mabega mapana na nywele zenye harufu ya dawa ya maji. Alizaa mtoto wa kiume mwenye tundu kwenye moyo, na mtoto akafariki hospitalini kabla hajajua kukaa. Alibaki na binti wa darasa la kwanza, ambaye kwa sababu ya alama nyeusi kidevuni kila mtu alimwita Kidoti. Baba yao alishaenda zake zamani, na hatumhitaji hapa.

Kwa muda mrefu Mwalimu alikaa kiti cha mchana tu. Hakulia, wala hakuota. Alinisimulia kazi yake. Mtoto mgeni majini, alisema, unamwekea mkono mzima chini ya tumbo, baadaye vidole viwili, baadaye kimoja. Kile kimoja hakimbebi mtoto hata kidogo, kinampa tu habari kwamba kuna mtu. Siku moja unakitoa bila kumwambia, naye anaendelea kuelea.

"Kazi yangu yote, Dada," aliniambia, "ni kuijua siku ya kukitoa kidole. Wengine wote bwawani wanapiga kelele tu."

Alasiri moja, Kidoti yuko nje na Mpokezi wanachora, Mwalimu aliinuka kwenye kiti bila kusema kitu. Akavua viatu, akajilaza kwenye kochi, akafumba macho. Mistari ya mwanga ilikuwa inampitia usoni. Nikashusha kalamu yangu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu ambayo mtaalamu hapaswi kuwa nayo.

"Nimemshika," alisema. "Maji ya uvuguvugu. Ananiangalia. Hakuna mtu mwingine bwawani, nimefunga geti. Natoa mkono, vimebaki vidole viwili. Kimebaki kimoja. Nakitoa." Akavuta pumzi. "Anashuka. Anashuka taratibu, macho wazi, mapovu yanapanda. Naweza kumfuata lakini simfuati. Nahisi nafuu, Dada. Mwili wote umekuwa mwepesi. Kesho nitamleta tena."

Kisha machozi yakaja, mengi, yakipita pembeni mwa macho na kuingia masikioni, naye hakuyafuta. Alilia hadi feni likawa ndilo linalosikika peke yake. Nilijua kwamba amempata mwanawe. Alimpata kwenye maji, mahali anapojua kumshika mtoto na kumwachia, na kila akilala ataweza kurudi. Nilifurahi kiasi kwamba nilipoona taa ya Wifi imegeuka rangi ya chungwa, nilidhani ni umeme unacheza.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliingia bila miadi, blauzi kaivaa ndani nje.

"Wamemchukua," alisema.

"Nani kachukuliwa?"

"Kidoti. Watu wa ustawi. Wamemtoa darasani. Mimi wamenitoa majini mbele ya wanafunzi wangu, Dada, watoto wamevaa maboya wananitazama. Wanasema nimesema nitamzamisha mtoto. Wanasema nimesema ni kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo."

Nilimkalisha. Nilimshika mikono, ilikuwa na baridi ya bwawa bado. Kisha nikapanda ghorofani kwa Mkurugenzi, na ninakiri sikubisha hodi.

Alikuwa na karatasi mbele yake. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yamepangwa vizuri, hakuna lililokosewa hata moja. Chini yake Wifi alikuwa ameandika: mteja ameeleza mpango wa kumzamisha mtoto, ameandaa mazingira ya faragha, anaonyesha nafuu badala ya majuto, ana mtoto mmoja aliye hai.

"Hiyo ni ndoto," nikasema.

"Imeandikwa wapi kwamba ni ndoto?"

"Haijaandikwa! Alihama. Alitoka kwenye kiti akaenda kwenye kochi."

Mkurugenzi alivua miwani. Niliona kwamba anaelewa, na kwamba kuelewa kwenyewe kunamtesa. Wifi alikuwa na masikio, macho hakuwa nayo. Kwa upande wake hapakuwa na kiti wala kochi, palikuwa na sauti moja tu ya mwanamke. Nami, katika kukiona kile kisanduku kila siku pale juu ya rafu, haikunipitia akilini kwamba chumba changu kina lugha ambayo hakiisikii. Tulikuwa tumekipa ufunguo wa nyumba bila kukionyesha vyumba.

"Sheria inasema mtoto akiwa hatarini, siri haipo," akasema kwa sauti ya chini.

"Mtoto aliyeko majini ameshakufa. Huyo ndiye aliye hatarini?"

Alinipa namba ya afisa wa ustawi aliyeshika suala hilo.

Afisa alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo bado yananikaa kifuani. "Mama, mimi nimewahi kuambiwa ni hasira tu. Nimewahi kuambiwa ni pombe tu, ni maneno ya usingizini tu. Nikaamini, na nikazika mtoto wa watu. Siwezi kuamini tena kwa simu." Alisema Kidoti yuko kwenye nyumba ya hifadhi, salama, anakula. Alisema njia iko moja: mama mtu asaini ruhusa, sauti zote za vikao vyake zifunguliwe, na jopo la wataalamu wasiomjua wazisikilize na kuamua. Angekuja kliniki keshokutwa kuchukua ruhusa hiyo. Bila ruhusa, suala litakwenda mahakamani, na mahakama haina haraka.

Nilimweleza Mwalimu. Aligeuza mkono wake akawa anakitazama kidole cha shahada.

"Nitasaini," akasema. "Kwa ajili ya Kidoti nitasaini hata ngozi yangu. Ila nakwambia ukweli, Dada. Tangu nilipokusimulia, amekuja tena jana jioni nilipojilaza, na usiku wa kuamkia leo. Pale majini ndipo mahali pekee alipobaki. Wakikaa mezani kusikiliza ile sauti, wanasimamisha, wanarudisha nyuma, watakuwa wameingia bwawani na viatu."

Nikamwomba asisaini kwanza. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu, mama husema, hufika mahali kabla yangu kisha hunisubiri.

Siku mbili hizo nilitembea kama niko chini ya maji mwenyewe. Barabarani watu walifungua midomo na sauti ilinifikia baadaye. Niliwaza kiapo changu: ndoto ya mgeni ni amana, si yangu kuigawa. Ili nithibitishe kwamba ni ndoto, ilinipasa niieleze, maana ya maji, maana ya kidole, maana ya nafuu, na kuieleza mbele ya jopo ni kuiua. Kutoieleza ni kumwacha Kidoti alale kitanda cha kigeni. Nyumbani mama alinitazama ninavyoukoroga uji usiokuwemo kwenye bakuli, akaniuliza nimemeza nini. Nikamwambia kazi tu. Akasema kazi haina mfupa wa kumkwama mtu. Nikacheka bila kupenda, na nilipokuwa nacheka ndipo nikajua nitakachofanya.

Afisa alikuja alasiri, saa ile ile ya mistari ukutani. Alikuwa mama wa makamo, miwani kaiinua hadi kwenye paji la uso, mkoba mkubwa begani, na mwendo wa mtu aliyepanda ngazi nyingi za watu. Mkurugenzi aliingia naye. Niliwapa viti viwili nilivyoleta kutoka mapokezi, nikaviweka ukutani. Mimi nikakaa kiti cha mchana.

"Ruhusa iko tayari?" Afisa akauliza.

"Kabla ya ruhusa nataka uone chumba kinavyofanya kazi. Haitachukua muda. Mama yangu mzazi naishi naye, ana magoti mabovu, na nampenda. Hilo ni la mchana. Umelisikia?"

"Nimelisikia."

Nikainuka, nikavua viatu, nikajilaza kwenye kochi. Mkurugenzi alielewa kabla ya Afisa. Alinyanyuka nusu.

"Usifanye hivyo," akasema. "Kikishaandika hakifutiki. Hata mimi siwezi kukifuta. Litabaki na jina lako."

Nililijua hilo. Nililala pale nikitazama dari, na kwa mara ya kwanza nikaona wanachokiona wageni wangu: doa la maji juu ya feni, lina umbo la mtu aliyejikunja. Ndoto niliyokuwa nayo ilikuwa na umri mkubwa. Huja ikaondoka, huja ikaondoka, na sikuwahi kumwambia mtu, hata mama, hasa mama. Nilifumba macho.

"Nimembeba mama mgongoni," nikasema. "Tunapanda ngazi za jengo lisilokwisha. Kila ghorofa anapungua uzito. Juu kabisa kuna dirisha, liko wazi, upepo unaingia. Namtandaza dirishani kama shuka. Namwachia. Anakwenda, anapepea, hata kuniaga haniagi. Narudi ndani napika, nakula hadi nashiba. Nyumba iko kimya. Kumbe kimya ni kitamu namna hii. Jumapili nitampandisha tena."

Nilibaki nimefumba macho. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, aibu ya moto kabisa, na niliwaelewa wote waliowahi kulala pale. Kisha nikasikia Mkurugenzi akishusha pumzi, nikafumbua. Taa ya Wifi ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Mkoba wa Afisa ukalia.

Akatoa simu, akashusha miwani, akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi: "Onyo. Mzungumzaji ameeleza mpango wa kumsukuma mzazi mzee dirishani. Anaonyesha furaha. Ametaja siku." Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Sheria inanitaka nimpigie," akasema.

"Mpigie."

Nikamtajia namba, akaiweka simu mezani, sauti wazi. Iliita kwa muda mrefu, kwa sababu mama hutafuta simu yake kwa kuifuata mlio, na daima huanzia jikoni.

"Haloo?"

"Shikamoo, mama. Naongea kutoka ofisi ya ustawi wa jamii. Uko salama?"

"Marahaba. Salama ya wapi, mwanangu? Magoti haya yameniamsha tangu alfajiri."

"Mama, samahani kukuuliza. Binti yako unayeishi naye, amewahi kutaka kukusukuma dirishani?"

Upande wa pili nilisikia redio ya mama ikizungumza peke yake.

"Sisi tunakaa chini," mama akasema. "Dirisha letu hata kuku analiruka akiwa na mayai." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Hiyo ni ndoto. Amekusimulia wewe?"

"Ndiyo, mama. Amesimulia."

"Mimi hajanisimulia. Miaka yote hii, mimi namsimulia zangu zote." Akakohoa. "Mwambie akirudi ajilaze anisimulie. Na anieleze huko dirishani nilikuwa nimevaa nini."

Simu ikakatika. Mkurugenzi alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi sasa, nalia waziwazi, maana kumbe mama angeweza kunisikiliza wakati wowote.

Afisa aliirudisha simu mkobani. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa," akasema. "Nimekuona kwa macho yangu ukihama. Nilijua unachofanya. Na bado ile simu ilipolia, moyo wangu ulikwenda mbio, nikakuona muuaji." Akainuka, akaja kwenye kochi, akalibonyeza kwa kiganja pale lilipobonyea. Nilidhani atakaa. "Mama yako hakuliona kochi," akasema. "Ameijua vipi?"

"Anajua ndoto zilivyo. Na ananijua mimi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Aliuliza maswali mengine, ya mchana yote: mtoto aliyefariki alifia hospitali gani, cheti kiko wapi, shuleni Mwalimu anasemwa vipi, Kidoti mwenyewe anasemaje juu ya mama yake. Kisha akasema ataandika kwamba onyo limetokana na masimulizi ya ndoto, kwamba chombo hakikuwa na njia ya kuyatambua, na kwamba hahitaji kusikia sauti za mtu yeyote. Ruhusa isiyosainiwa aliikunja akaiacha mezani pangu. Mlangoni alisimama, akalitazama kochi kwa mara nyingine. "Mimi nikilala pale," akasema, "nitawaweka hapa hadi kiyama." Akaenda zake.

Kidoti alirudi nyumbani siku iliyofuata. Onyo lenyewe halikufutwa. Lipo huko mbali, na langu liko kando yake, na jina la mama yangu pia. Mkurugenzi aliagiza Wifi aondolewe chumbani mwangu. Vyumba vingine amebaki. Aliniambia atawaandikia watengenezaji wakifundishe kisanduku kutambua ndoto, nikamwambia wakifundishe kwanza kuuliza. Alisema ataandika na hilo. Nadhani aliandika kweli.

Jioni ya siku ile aliyokuja Afisa, nilijilaza kitandani kwa mama na kumsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza chakula nilichopika kilikuwa kipi. Basi tukalala.

Mwalimu alikuja tena baada ya hapo, akamwacha Kidoti kwa Mpokezi kama zamani. Alikaa kiti cha mchana. Akasema amerudi bwawani, ingawa wazazi wengine wamewahamisha watoto wao, na hawasemi kwa nini. Kidoti, alisema, halali bila kuushika mkono wa nguo ya mama yake. Kisha akalitazama kochi kama mtu anavyoitazama nyumba aliyohama.

"Haji tena, Dada," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile waliponitoa majini. Nikifumba macho bwawa naliona. Maji yapo, uvuguvugu upo. Lakini ukingoni wamesimama watu na makaratasi, wananingoja niseme kitu. Yeye hayupo."

Afisa alimrudisha binti kwa barua ya nusu ukurasa. Kwa huyu mwingine, wa majini, hapakuwa na ofisi ya kwenda, wala mtu wa kumpigia simu. Maneno ya faraja ninayoyajua yote, na ninayajua mengi, yalinikaa mdomoni kama mchanga. Niliona uchungu wa kweli, na nikamwambia hivyo: "Naumia, Mwalimu." Akaitikia kwa kichwa.

Mlango ukafunguka bila hodi. Kidoti alikuwa amechoka kuchora. Alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayemfukuza, akapita moja kwa moja hadi chini ya dirisha. Hakuna aliyewahi kumwambia lolote juu ya kochi lile. Alipanda na viatu vyake, akalala chali, mistari ya mwanga ikamvuka kifuani.

"Niko bwawani na mdogo wangu," akasema.

Mwalimu akaganda.

Mimi nikainua macho kwenye rafu, sikuweza kujizuia. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu na mraba mdogo wa rangi safi kuliko ukuta wote. Hata hivyo niliinuka nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, nikazima na feni, joto lote lile. Pazia likatulia. Nikarudi kukaa.

"Endelea, mwanangu," nikasema.

"Anaogelea vizuri kuliko mimi. Anakwenda, anakwenda, halafu anasimama katikati. Anauliza kidole cha Mama kiko wapi."

Mwalimu alitoka kwenye kiti cha mchana. Alipiga magoti kando ya kochi, akapenyeza mkono wake chini ya mgongo wa binti yake, akauondoa kidogo kidogo hadi kikabaki kidole kimoja. Kidoti alifumba macho, akaendelea kusimulia.